Kutapika damu na choo cheusi kwa mtu anayekunywa pombe: mwongozo kamili, kuanzia nyumbani hadi kliniki

Mnywaji akitapika damu, neno la kwanza nyumbani huwa "vidonda vya tumbo hivyo." La pili ni kumtuma mtoto dukani akalete maziwa. Huku saa zinakwenda, na mgonjwa akishalala kidogo na kutapika kukakoma, watu hushusha pumzi na kusema tutamwona kesho.

Kesho inaweza kuwa mbali. Kutapika damu, hata mara moja, au kupata choo cheusi kinachonata, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Haijalishi kama damu imekoma. Vyanzo vingine vya damu hii hutoka, hukaa kimya saa kadhaa au siku kadhaa, kisha hufumuka upya kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na kwa kumtazama mgonjwa hapo kitandani huwezi kujua chake ni kipi.

Maelezo haya ni ya mtu mzima anayekunywa, na zaidi ya wale wanaoishi naye. Mgonjwa mwenyewe saa ile ama hana nguvu, ama bado pombe iko kichwani, ama anaona aibu.

Hatua ya 1: Hakikisha unachokiona

Damu inayotoka kwenye umio, tumbo au mwanzo wa utumbo mdogo huja kwa sura tatu. Inaweza kutapikwa ikiwa nyekundu, pengine na mabonge. Inaweza kutapikwa ikiwa chenga za kahawia iliyokolea, kama machicha ya kahawa, kwa sababu imekaa tumboni na asidi imeigeuza. Au isitapikwe kabisa, ipite chini na kutoka kama choo cheusi kinachong'aa, kinachonata na chenye harufu kali ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Mililita 50 hadi 100 za damu zinatosha kugeuza choo kuwa hivyo, kwa hiyo choo cheusi kinaweza kutangulia matapishi kwa siku nzima.

Shida ni kwamba hakuna anayetazama. Choo cha shimo, usiku, bila taa: mtu anaweza kupata choo cheusi siku tatu na asijue. Mnywaji akilalamika kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au tumbo kuwaka, mwambie amulike na tochi ya simu, au aende haja kwenye ndoo ili muone.

Damu nyekundu inayotoka njia ya haja kubwa mara nyingi ni bawasiri, na hiyo ina nafasi ya kusubiri kliniki. Lakini ikiwa nyingi, tena mgonjwa anatoka jasho na kuona giza akisimama, huenda inatoka juu kwa kasi kubwa kiasi kwamba haikupata muda wa kuwa nyeusi. Huyo ni wa dharura kabisa.

Yapo yanayofanana na damu. Vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu hufanya choo kiwe cheusi chenye ukijani, ila hakinati wala hakina ile harufu. Mkaa wa kumeza nao hufanya choo cheusi. Juisi ya rozela na kiazi chekundu cha bitiruti hugeuza matapishi kuwa mekundu. Damu ya puani ikimezwa usingizini hutapikwa asubuhi. Na damu ya kukohoa, ambayo ni nyekundu, ina povu na imechanganyika na makohozi, inatoka kwenye mapafu, nayo inahitaji vipimo, kuanzia na kifua kikuu. Ukishindwa kutofautisha, usikae kubishana. Piga picha kwa simu, nenda nayo.

Hatua ya 2: Pima hatari kwa dakika mbili

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Anaweza kupoteza hadi mililita 750 na bado akaongea vizuri, presha yake ikasoma kawaida, akakuambia yuko sawa. Kwa hiyo usipime hatari kwa maneno yake.

Mlaze, shika kiganja chake, weka vidole viwili upande wa dole gumba chini kidogo ya kiganja, uhesabu mapigo kwa sekunde 30 kisha uzidishe mara mbili. Yakizidi 100 akiwa amelala ametulia, amepoteza damu ya kutosha kukutia wasiwasi. (Anayemeza propranolo kwa ajili ya presha au ini anaweza asifike 100 hata damu ikiwa nyingi, kwa hiyo kwake namba hiyo isikutulize.) Mguse mikono na miguu: ya baridi na yenye jasho ni dalili mbaya. Muulize alikojoa lini. Muulize jina lake, leo ni siku gani. Akichanganya maneno, au akizimia anapokaa, hakuna tena kusubiri gari la shemeji.

Wanaostahili kuogopewa zaidi, hata mapigo yakiwa ya kawaida, ni hawa: mwenye macho ya manjano, mwenye tumbo lililojaa maji huku mikono na mabega yamekonda, aliyewahi kuambiwa ini lake lina matatizo au ana homa ya ini aina ya B au C, aliyewahi kutapika damu zamani, mzee, na anayemeza dawa za kuyeyusha damu. Hao ndio ambao nusu saa ina thamani.

Hatua ya 3: Wakati usafiri unatafutwa

Asile wala kunywa chochote. Namaanisha chochote: maziwa, yai bichi, mwarobaini, shubiri, juisi ya kabichi, majivu, soda, dawa ya maji ya kutuliza asidi. Vitu hivi havizibi mshipa. Vinajaza tumbo, mgonjwa anatapika tena, anaweza kuvuta matapishi mapafuni, na daktari akiingiza kamera haoni kitu ila maziwa yaliyoganda. Mdomo ukimkauka, asukutue na kutema.

Kama ana fahamu, akae ameinama mbele kidogo au alale ubavu wa kushoto. Akiwa analewalewa au analala sana, ubavu wa kushoto ni lazima, na mtu asitoke karibu yake. Akiona giza, mlaze na uinue miguu. Mfunike kanga au blanketi. Usimtapishe kwa kidole "ili itoke yote."

Usimpe dawa ya maumivu. Hapa niseme kwa ukali kidogo, kwa sababu hiki ndicho kisa ninachokisikia mara nyingi kupita vyote: mtu amekunywa Jumamosi, Jumapili kichwa kinagonga, ananunua diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa, anameza kwenye tumbo tupu, jioni anapiga na mbili tatu za kuzimua. Pombe imechubua ukuta wa tumbo, na dawa hizo zinaondoa kinga ambayo ukuta huo unaitengeneza kujilinda na asidi. Aspirini nayo iko kwenye kundi hilo, na imo ndani ya baadhi ya vidonge vya kichwa na mafua vya pakiti ndogo. Soma nyuma ya pakiti.

Beba vitu vifuatavyo: dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, hata za mitishamba, kadi ya bima na kitambulisho, vyeti vya zamani vya hospitali, picha ya matapishi au choo, simu yenye chaji, na watu wawili wazima ambao hawajanywa, kwa sababu huenda wakaombwa kuchangia damu. Wenzake wa kilabuni wana moyo, wengi hufika wakiwa wa kwanza, lakini aliyelewa hatolewi damu.

Bodaboda ni usafiri mbaya kwa mtu huyu. Akizimia njiani ataanguka. Tafuta bajaji, teksi, gari la jirani. Kama bodaboda ndiyo pekee iliyopo, mtu mzima akae nyuma yake na kumshika.

Hatua ya 4: Chagua mahali pa kwenda

Anachohitaji ni vitu viwili: damu ya kuongezewa, na baadaye endoskopia, ile ambayo mtaani huitwa kuingizwa kamera tumboni. Zahanati haina hata kimoja. Lakini kama hospitali iko mwendo wa saa mbili na zahanati iko dakika kumi, pitia zahanati: wanaweza kuweka kanula (mrija mdogo wa mshipani), kuanza dripu, kupima presha na kuandika rufaa. Waombe wapige simu huko mnakokwenda. Msikae pale kungoja dripu iishe.

Kwa Tanzania, hospitali ya wilaya kwa kawaida ina benki ndogo ya damu, na endoskopia hupatikana kwenye hospitali kubwa: Muhimbili kwa Dar es Salaam, Bugando kwa Mwanza, KCMC kwa Moshi, Benjamin Mkapa kwa Dodoma, na baadhi ya hospitali za mikoa na za binafsi. Kenya, hospitali za ngazi ya 4 na ya 5 ndizo za kuanzia. Juu yake kuna Kenyatta Nairobi na Moi Eldoret. Ukiwa na namba ya hospitali, maswali ni mawili tu: "Damu ipo? Kipimo cha kamera kinafanyika leo?"

Kuhusu fedha. Katiba ya Kenya, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Tanzania, ndani ya hospitali za umma yupo afisa ustawi wa jamii, na ndiye wa kumwona mapema kama familia haina uwezo, badala ya kungoja siku ya kuruhusiwa ndipo kilio kianze. Na kwa wanaozuiwa na hofu ya polisi: fomu ya PF3 ni ya majeruhi wa ajali na vipigo. Anayetapika damu kwa ugonjwa haihitaji, wala kulewa si kosa la kumnyima mtu matibabu.

Hatua ya 5: Sema ukweli mapokezini

Neno la kwanza mlangoni liwe "anatapika damu" au "anapata choo cheusi." Ukisema "tumbo linamsumbua" mtapewa foleni.

Kisha yatakuja maswali ya pombe, na hapa ndipo mambo huharibika. Muuguzi kijana yuko mbele ya mtu wa umri wa baba yake, mke yuko pembeni, shemeji amesimama mlangoni.

"Shikamoo baba. Pombe unatumia?"

"Marahaba mwanangu. Aa, kidogo tu. Ya kuchangamsha."

Muuguzi anaandika "mara chache." Mke anatazama chini. Kwa mstari huo mmoja, hakuna atakayefikiria ini, hakuna atakayeanza dawa za mishipa ya umio inayovimba ini likiharibika, na hakuna atakayejiandaa kwa arosto, yaani mwili kusumbuka ukikosa pombe, itakayopamba moto usiku wa pili.

Jibu linalosaidia linafanana na hili: "Nakunywa kila siku, miaka kumi sasa. Pombe kali, chupa mbili ndogo. Mara ya mwisho jana saa nne usiku. Asubuhi huwa nazimua, nisipozimua mikono inatetemeka." Kama mgonjwa hawezi kusema hivyo mbele ya watu, ndugu amvute muuguzi pembeni amwambie. Huko si kumchongea.

Kiasi kitaje kwa chupa, daktari atapiga hesabu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 250 yenye asilimia 40, ina karibu gramu 79, yaani sawa na bia nne. Anayesema "mimi sinywi sana, kachupa kamoja tu jioni" anakunywa bia nne kila jioni. Gongo na chang'aa hazina lebo, hivyo taja glasi au chupa na useme ni ya kienyeji. Na kama baada ya pombe ya kienyeji macho yanaona ukungu, sema mara moja: hiyo ni dalili ya sumu ya methanoli, dharura nyingine kabisa yenye matibabu yake.

Ili usisahau, andika kwenye karatasi au simu kabla ya kufika:

- ametapika mara ngapi, rangi gani, kiasi gani (kikombe, bakuli, ndoo)
- choo cheusi kilianza lini
- alianza kwa kutapika matapishi ya kawaida ndipo damu ikaja, au damu ilikuja ya kwanza
- dawa za maumivu alizomeza wiki hii
- pombe: aina, kiasi, miaka, na saa ya mwisho kunywa
- aliwahi kuishi au kuoga ziwani au mtoni kwenye kichocho

Nukta ya tatu ina uzito wake. Anayetapika kwa nguvu mara kadhaa baada ya kulewa, kisha damu ikatokea mwishoni, huenda amechanika mahali umio unapoungana na tumbo. Mpasuko huu unaitwa wa Mallory na Weiss, madaktari wa Boston walioueleza mwaka 1929, kwa wagonjwa waliokuwa wamelewa na kutapika sana. Mara nyingi hupona wenyewe.

Hatua ya 6: Jua kitakachofanyika wodini

Watamwekea kanula, ikiwezekana mbili kubwa. Watachukua damu kupima hemoglobini (kiwango cha damu), kundi la damu, ini, figo na uwezo wa damu kuganda. Namba ya kwanza ya hemoglobini inaweza kudanganya, maana damu iliyobaki mwilini bado ni nzito vilevile. Hushuka baada ya saa kadhaa, dripu zikishaingia. Kwa hiyo ukiambiwa "damu yake ni 11, ipo vizuri," uliza watarudia kupima saa ngapi.

Ndugu wengi hulalamika kwamba mgonjwa hajaongezewa damu. Kwa asiyetoka damu kwa kasi na asiye na ugonjwa wa moyo, madaktari husubiri hemoglobini ishuke hadi karibu 7 ndipo waongeze. Huo si ubahili. Kwa mwenye mishipa iliyovimba kwenye umio, kuijaza damu kupita kiasi hupandisha msukumo na kuifanya ifumuke tena. Anayevuja kwa kasi mbele ya macho yao ni habari nyingine, huyo huongezewa bila kungoja namba.

Utasikia pia watu wakidai "sindano ya kukata damu," yaani asidi ya traneksami. Jaribio kubwa lililoitwa HALT-IT, lenye wagonjwa zaidi ya 12,000 kutoka nchi 15, lilichapishwa mwaka 2020 na kuonyesha kwamba kwa damu ya tumboni sindano hiyo haikupunguza vifo, na iliongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Daktari akikataa kuichoma, ana sababu.

Watakayompa ni omeprazo au pantoprazo kwenye mshipa ili kushusha asidi. Wakishuku ini, wataongeza dawa ya kupunguza msukumo wa damu kwenye mishipa ya tumbo, mfano okreotaidi au terlipresini kama ipo, pamoja na antibayotiki, mara nyingi seftriaksoni. Watu hushangaa antibayotiki inahusiana vipi na kutapika damu. Mwenye ini lililosinyaa akivuja damu hushambuliwa na bakteria kirahisi, na antibayotiki kwa wagonjwa hao hupunguza vifo. Ni dawa inayopatikana kila mahali, inafaa kuiulizia.

Endoskopia inatakiwa ifanyike ndani ya saa 24 baada ya kufika, na kwa anayeshukiwa mishipa ya umio ndani ya saa 12, akishatulizwa kwanza. Mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni. Anapuliziwa dawa ya ganzi kooni, pengine na sindano ya usingizi mwepesi. Haiumi ila inakera, inaleta kichefuchefu. Si picha tu: kidonda kinachovuja kinaweza kuchomwa sindano au kubanwa, na mishipa iliyovimba hufungwa kwa vipira vidogo palepale. Ndiyo maana kuhamishiwa kwenye kamera kuna maana hata ukiambiwa "ametulia."

Choo kitaendelea kuwa cheusi siku tatu hadi tano baada ya damu kukoma, kwa kuwa iliyomo utumboni bado inatoka. Kinachotakiwa kukushtua ni kikirudi kuwa kingi, au mapigo ya moyo yakapanda tena.

Hatua ya 7: Usiku wa pili na wa tatu

Hii sehemu inasahaulika kuliko zote. Mnywaji wa kila siku aliyelazwa hanywi. Saa 6 hadi 24 baada ya chupa ya mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho linamtoka, hana usingizi. Degedege huweza kuja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache hufikia kuweweseka: anaona wadudu ukutani, anang'oa dripu, anataka kuondoka, anawaita watu wasiokuwepo. Ndugu hapo huanza kunong'ona kwamba karogwa, na wapo wanaomtoa hospitali kumpeleka kwa mganga. Hali hii inaua, na ina dawa: diazepamu au jamii yake kwa kipimo cha daktari, pamoja na vitamini B1 ya sindano, ambayo inafaa itangulie au iende pamoja na dripu ya glukosi.

Lakini kuchanganyikiwa kwa mgonjwa wa ini kuna chanzo kingine kinachofanana nacho. Damu iliyojaa utumboni husagwa na kutoa amonia, ini dhaifu halimudu kuisafisha, nayo inapanda kichwani. Huyu anakuwa mzito, analala mchana na kukesha usiku, mikono inapepesuka akiinyoosha. Tiba yake ni tofauti, na dawa za usingizi zinamzidishia. Kazi ya ndugu si kutofautisha. Kazi yake ni kumwita muuguzi na kusema kilianza saa ngapi, na jana alikuwaje. Na asimletee "kidogo ya kutuliza" ndani ya chupa ya maji. Hufanyika, wauguzi wanajua.

Hatua ya 8: Uliza kamera imeona nini

Usitoke hospitali na neno "vidonda vya tumbo" peke yake. Omba ripoti iliyoandikwa, piga picha uihifadhi. Majibu huangukia mafungu machache, na kila moja lina njia yake.

Michubuko ya tumbo na mpasuko wa Mallory na Weiss huhitaji dawa ya asidi kwa wiki chache na kuacha kilicholeta.

Kidonda cha tumbo au cha mwanzo wa utumbo mdogo mara nyingi kina mkono wa bakteria anayeitwa *Helicobacter pylori*, au dawa za maumivu, au vyote. Bakteria huyo hutibiwa kwa mchanganyiko wa antibayotiki na dawa ya asidi, kwa kawaida siku 14 bila kuruka. Kipimo kikifanyika wakati wa kuvuja damu kinaweza kusema hayupo wakati yupo, hivyo hurudiwa baadaye. Kuhakikisha amekwisha, pima kwa choo au kwa pumzi, angalau wiki 4 baada ya antibayotiki na wiki 2 baada ya kuacha omeprazo. Kipimo cha damu cha maabara za mtaani hubaki kinasoma "positivu" muda mrefu baada ya kupona. Watu wametibiwa mara tatu, nne, kwa karatasi hiyo.

Mishipa iliyovimba kwenye umio ndiyo nzito. Ini likishakuwa na makovu, damu inayotoka utumboni hukosa njia ya kulipita, inajirudi na kutanua mishipa midogo ya umio hadi inapasuka. Bila kinga, takriban 6 kati ya 10 hutokwa damu tena ndani ya mwaka mmoja au miwili. Lakini si kila mwenye mishipa hii ameipata kwa pombe. Pembezoni mwa Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo hufanya jambo hilohilo kwa mvuvi ambaye pengine hajawahi kunywa, na ini lake huwa bado linafanya kazi vizuri. Homa ya ini aina ya B nayo imeenea. Mnywaji wa Ukerewe, kisiwa ndani ya ziwa hilo, anaweza kuwa na vyote vitatu, kwa hiyo dai kipimo cha homa ya ini na ultrasaundi, na prazikwanteli kama kichocho kimeonekana.

Hatua ya 9: Baada ya kuruhusiwa

Mwenye mishipa ya umio anarudi kwenye kamera kila wiki 2 hadi 4 kufungwa tena mpaka iishe. Hatasikia chochote kinachomkumbusha. Tarehe ndiyo kumbukumbu, mtu mwingine nyumbani aishike. Atapewa propranolo au kavedilo. Dawa hizi hushusha mapigo kwa makusudi. Asiziache ghafla kwa kuwa "presha yangu ni nzuri." Mapigo yakishuka chini ya 50 au akizimia, arudi kliniki. Mwenye makovu ya ini apimwe ultrasaundi kila miezi 6, kwani saratani ya ini huanza kimya.

Akipewa laktulosi, dawa ya kulainisha choo ili amonia itoke isipande kichwani, lengo ni choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Familia nyingi huiacha zikidhani dawa inaharisha.

Chakula: aliyevuja kidonda hahitaji kuishi kwa uji mweupe. Na mwenye ugonjwa wa ini anahitaji protini, kwa hiyo maharage, samaki, mayai na dagaa viendelee, ila chumvi ipungue kama tumbo linajaa maji. Ushauri wa "asile protini kabisa" unamkondesha mtu ambaye tayari misuli imeisha.

Maumivu yakija, parasetamoli, isizidi gramu 2 kwa siku kwa mnywaji au mwenye ini bovu, yaani vidonge vinne vya miligramu 500. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zifutwe. Mwambie mwenye duka la dawa kabla hajachagua. Kama aspirini iliandikwa na daktari wa moyo, waliomtibu damu na wa moyo waongee, asiamue mwenyewe.

Pombe. Kwa mwenye makovu ya ini hakuna kiasi salama, na bia si nafuu kuliko pombe kali. Aliyelazwa wiki nzima ana bahati moja: arosto ameshaivuka akiwa chini ya uangalizi, na kuanza kuacha kutokea hapo ni rahisi kuliko kutokea kilabuni. Aombe kabla ya kuruhusiwa aonwe na kitengo cha afya ya akili. Kenya, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192. Vikundi vya walevi waliopona vipo Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Arusha, na Zanzibar na Tanga zina nyumba za upataji nafuu. Akirudia kunywa kila siku, asije akaacha ghafla peke yake nyumbani, arudi apangiwe.

Damu ikirudi, hata kijiko kimoja, ni hatua ya 3 tena, na safari hii pelekeni ripoti ya kamera mkononi na mwende moja kwa moja kwenye hospitali iliyomfunga mishipa.